Ngoma ya Mkonge na Maziwa

Mke wangu Evarista alirudi Dodoma mwaka ule kiwanda cha magunia alichokuwa akifanyia kazi Morogoro kilipofungwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria imefunguliwa. Mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa moja baada ya jingine, na waliopunguzwa kazi walikuwa wengi hata ikawa si habari tena ya kumsimulia jirani. Wenzake wengine walifungua vibanda vya mitumba, wengine walirudi kulima. Yeye alishuka kwenye basi na begi la nguo na kiroba kikubwa kilichojaa nyuzi za mkonge. Nilipomuuliza nyuzi zile ni za nini, alisema ni kazi, akaniomba nishike upande wa pili tubebe.

Mimi naitwa Octavian. Kwetu ni Karagwe, lakini ukarani wa ofisi ya Bunge ulinileta Dodoma, na Dodoma ndiko nilikomkuta Evarista, Mgogo wa upande wa Mpwapwa. Tulioana, tukampata binti yetu Lydia, kisha kwa miaka kadhaa tukaishi mmoja Morogoro na mwingine Dodoma, tukionana mwisho wa mwezi. Kwa hiyo aliporudi moja kwa moja, pamoja na shida ya mshahara mmoja kukatika, mimi nilifurahi. Sikujua kwamba nilikuwa bado sijamjua vizuri mwanamke niliyemuoa.

Kule kiwandani alikuwa fundi sanifu kwenye chumba cha vipimo. Kazi yake ilikuwa kufunga uzi kwenye mashine, kuuvuta mpaka ukatike, na kuandika umekatika kwa uzito gani. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi, akatoka na imani moja: kwamba uzi wa mkonge una nguvu kuliko kazi tunazoupa. Tunausokota kamba, tunaufuma magunia, basi. Yeye aliamini ukishikwa na gundi nzuri unaweza kuwa ubao.

Alinieleza jambo hilo tukiwa tumesimama kando ya tembe ya jirani pale Ipagala, moja ya zile nyumba chache za udongo za Wagogo zilizokuwa zimebaki. Alinionyesha ukuta. Udongo peke yake, alisema, jua likiuwakia unapasuka. Majani peke yake yanapeperuka. Lakini waliojenga ukuta huu walikanda majani ndani ya udongo, na ndiyo maana umesimama. Gundi ni kama ule udongo, ngumu lakini inavunjika upesi. Uzi ni kama majani, hauvunjiki lakini hauwezi kusimama. Ukiviunganisha, kila kimoja kinaziba udhaifu wa mwenzake.

Gundi za dukani zilikuwepo, tena nzuri, kutoka nje. Hakuzitaka. Wakati ule mifuko ya plastiki, ile ya rambo, ilikuwa imeanza kujaa mjini, na upepo wa Dodoma ulikuwa ukiitundika kwenye miiba kila kona. Mbuzi walikuwa wakiila na kufa matumbo yamevimba. Evarista alisema hawezi kuongeza kitu kingine cha aina hiyo juu ya ardhi. Gundi yake ingetokana na vitu vinavyooza. Alikuwa amesoma mahali kwamba zamani mafundi seremala wa nchi nyingi walitumia gundi ya maziwa: unagandisha maziwa, unakamua maji, unaosha lile donge, unalisaga na chokaa. Ikikauka hata maji hayaiondoi kirahisi.

Alipata nafasi nyuma ya karakana ya fundi Zablon, seremala wa Kizota, mtu mpole aliyependa kuimba tenzi za kanisani huku anapiga randa. Zablon alimkubalia, nadhani, kwa kudhani atakuwa mteja wa mbao. Badala yake akaletewa ndoo za maziwa yaliyochacha, maana Evarista alikuwa amepatana na wauza maziwa wamuuzie yale yaliyoharibika mikononi mwao. Harufu ilikuwa kali. Wateja waliokuja kuulizia vitanda waliziba pua. Zablon aliimba kwa sauti zaidi, lakini hakumfukuza.

Mbao za kwanza ziligawanyika zenyewe kama chapati za kukunja. Evarista hakuzitupa. Alizileta nyumbani, akazipasua mezani kipande kwa kipande, akaona kwamba nyuzi zinachomoka safi, kana kwamba gundi haijawahi kuzigusa. Akasema uzi una utelezi wake wa asili, kama nta, na huo ndio unaoikataa gundi. Siku iliyofuata nilimkuta jikoni amechukua majivu, anayachuja maji yake kama wafanyavyo akina mama wa kwao wanapotaka kulainisha mboga ngumu. Alizilowanisha nyuzi humo, akazianika, zikawa kavu na zenye kukwaruza mkononi. Safari hiyo gundi ilishika. Ubao uliotoka, Zablon aliuweka juu ya mawe mawili, akaupanda, akaniita na mimi nipande. Tulisimama juu yake wanaume wawili tukitazamana, nao haukulia hata kidogo.

Tuliupeleka kwa Mwanahawa, mama mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aliyekuwa na duka kubwa karibu na soko. Aliupokea kwa heshima, akaugeuza, akaugonga kwa pete yake. Akauliza panya wakija itakuwaje. Evarista, ambaye hajui kudanganya, alisema panya wanaweza kuutafuna, maana ndani kuna maziwa. Mwanahawa alicheka kidogo, si kwa dharau. Alisema yeye anauza kinachoulizwa, na siku hizi watu wanauliza bodi za dari za kutoka nje zenye maua, hata asiyekuwa na paa anaziulizia. Tulirudi na ubao wetu. Evarista akapiga dari ya sebule yetu kwa mbao zake zote, na kwa muda mrefu wageni waliokuja kwetu walizungumza huku wameangalia juu.

Mambo yaligeuka tulipokwenda Kibakwe kwa Pasaka.

Kibakwe ndiko alikolelewa Evarista. Mama yake mzazi alifariki mapema, akachukuliwa na dada wa mama yake, mama mkubwa Tereza. Mama Tereza alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyekuwa akitembea kwa kuegemea upande mmoja kwa sababu ya nyonga. Alikuwa kiongozi wa wapiga muheme wa kijiji. Kwa asiyejua, muheme ni ngoma za wanawake wa Kigogo. Mwanamke huiweka ngoma katikati ya mapaja, akaiinamia na kuipiga kwa viganja, na wenzake wakamjibu kwa ngoma zao na shingo na mabega. Nimetoka kwenye ngoma za kwetu, nami ngoma nazijua, lakini mara ya kwanza kuwaona wanawake wale nilisahau kufunga mdomo.

Tulipofika nyumbani kwake nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akatukaribisha, lakini uso wake haukuwa wa sikukuu. Ngoma yake kubwa, ile inayoongoza, ilikuwa imepasuka. Alikuwa ameirithi kwa mama yake. Vile vigingi vya mti vinavyoshikilia ngozi vilikuwa vimeupanua mti wake kidogo kidogo kwa miaka, na kiangazi kilichopita ufa ukafunguka kutoka juu hadi chini. Ilipopigwa ilitoa sauti ya kikohozi.

Mchongaji wa kijiji alikuwa Mzee Bartolomayo. Yeye alisema wazi kwamba ngoma ya ukubwa ule hawezi kuichonga tena, si kwa kukosa ufundi, bali kwa kukosa mti. Miti minene ya vilima vile ilikuwa imegeuka mkaa na kushuka mjini kwa malori, na iliyobaki ilikuwa ndani ya hifadhi. Yeye mwenyewe siku hizi alikuwa anachonga mipini ya majembe. Na jubilei ya parokia ilikuwa mwezi wa nane, vikundi vya vijiji vyote vimealikwa. Devota, mpiga ngoma wa pili, mwanamke kijana mwenye maneno mengi, alikuwa amejaribu kuwamba ngozi kwenye ndoo ya plastiki. Alitupigia tuisikie. Ilitoa sauti kama mtu anabisha hodi kwenye bati.

Evarista alikaa na ile ngoma iliyopasuka karibu asubuhi nzima. Aliigonga, akaingiza mkono ndani, akapima mzunguko wake kwa kamba, juu, kiunoni, chini, akipiga fundo kila kipimo. Mwishowe akamwomba mama mkubwa ruhusa ya kuichukua kwenda nayo Dodoma. Mama Tereza alikataa. Alisema ngoma ya mama yake haiwezi kupanda basi kama gunia la karanga. Kwa hiyo tuliondoka na kamba zenye mafundo tu.

Ngoma ya kwanza aliitengeneza Kizota kwa vipimo vya kamba hizo. Zablon alimtengenezea umbo la nusu ngoma kwa vipande vya mbao, naye akalaza nyuzi juu yake na gundi, tabaka juu ya tabaka, mara mbili, akapata nusu mbili. Alizigandisha pamoja kwa gundi ile ile, akapiga msasa, akapaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Ilikuwa nzuri kuiangalia, rangi ya asali, na nyuzi zikionekana ndani yake kama mishipa. Mimi nilidhani kazi imekwisha.

Tulirudi Kibakwe, safari hii na Zablon, ambaye alitaka kuona mwisho wake. Bartolomayo aliwamba ngozi. Mama Tereza akaipokea, akaiweka mahali pake, akapiga. Ilitoa sauti, sauti kubwa hata, lakini chini ya sauti hiyo kulikuwa na nyingine, kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Devota akaziba mdomo kwa kanga. Mama Tereza alipiga tena, akasikiliza, akasema bila kuficha:

"Ina sauti mbili, mwanangu. Zinagombana."

Niliogopa kumwangalia mke wangu. Lakini Evarista hakukasirika wala hakujitetea. Alimwomba apige tena, taratibu, akalaza shavu kwenye mzinga wa ngoma na kuusogeza pole pole kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Alipofika kwenye kiungo cha zile nusu mbili akasimama. Ugomvi ulikuwa pale. Nyuzi za nusu hii hazikuvuka kuingia nusu ile. Kulikuwa na gundi tupu, na gundi tupu inatetemeka kivyake.

Alisema ngoma lazima iwe moja bila kiungo, nyuzi zimezunguka mwili wote kama mtoto aliyefungwa nepi. Zablon akafikiri. Akasema linawezekana, ila linahitaji kalibu ya ndani, gogo lenye umbo la ngoma kamili, lililopasuliwa vipande vya urefu kama vya chungwa. Unavifunga pamoja, unaviringisha nyuzi na gundi juu yake, na ikishakauka unavitoa kimoja kimoja kupitia tundu la juu. Ila gogo lenyewe, alisema, liwe gumu, lililokauka miaka, na nene kama hiyo ngoma.

Hapo akajisikia mwenyewe anachosema. Hakukuwa na gogo la aina hiyo Kibakwe yote, isipokuwa moja, nalo lilikuwa limesimama mlangoni kwa mama Tereza, limepasuka.

Hakuna aliyeomba. Nakumbuka tulikuwa tumekaa kivulini, mbuzi wanapita, na kila mmoja wetu akaona kitu cha kuangalia chini. Mama Tereza ndiye aliyeuliza itabaki nini. Evarista alimjibu ukweli: vitabaki vipande vya mbao vinavyoweza kufungwa vikafanana na ngoma, lakini havitapigwa tena maisha. Mama Tereza akainuka, akachukua jembe, akaenda shambani kwake. Hakurudi mpaka jua lilipokuwa limeshuka.

Asubuhi tulimkuta ameketi nje, ngoma ya mama yake iko mbele ya miguu yake. Alikuwa ameitoa ngozi yeye mwenyewe, kigingi kwa kigingi, na vigingi alikuwa amevipanga juu ya kanga. Ile ngozi kuukuu alikuwa ameikunja akaiweka kando.

"Mama alinipa ngoma ya kupiga," alisema. "Hakunipa gogo la kulitunza ndani. Pasueni."

Zablon akanyoosha mkono kuchukua msumeno wake, lakini Mzee Bartolomayo alimtangulia. Alisema ngoma ile aliichonga baba yake, na yeye akiwa mdogo aliokota vibanzi vyake vya kuwashia moto. Kama ni kupasuliwa, ataipasua yeye. Akapiga magoti. Mama Tereza aliishika upande mmoja, Evarista upande mwingine, na yule mzee akaanza kukata, polepole, akifuata ule ufa uliokuwepo tayari. Kipande cha kwanza kikaanguka. Mama Tereza alikiokota, akapuliza vumbi la mbao, akakiegemeza ukutani vizuri kana kwamba anamkalisha mtu.

Baada ya hapo nyumba ile iligeuka kiwanda. Nilikuwa nimechukua likizo, na nikapewa kazi ya kusaga gundi, kazi ambayo cheo changu cha Bungeni hakikunisaidia kitu. Wanawake wa kikundi walikata majani ya mkonge kwenye nyua za mashamba, wakayaponda na kuyakwangua kwa visu butu mpaka nyuzi zikatoka nyeupe. Majivu hayakuwa shida. Shida ilikuwa maziwa. Ilikuwa kiangazi, ng'ombe wamekonda, na mama mmoja alinung'unika kwamba maziwa ya kumwagia ngoma ni maziwa ya mtoto wa mtu. Evarista alimsikia. Alisema mama huyo ana haki, na kuanzia hapo hakupokea maziwa mazuri hata kwa kuletewa. Alipokea yaliyoharibika tu, kibakuli kimoja leo, kesho hakuna. Kwa hiyo ngoma ilikua kidogo kidogo, tabaka moja, kisha kungoja, kisha tabaka jingine. Devota alikereka na kungoja huko kuliko wote. Nadhani ndiko kulikomfanya aanze kuuliza maswali, na kwa kuuliza akajikuta anajua kazi.

Nilikuwa namwangalia mke wangu siku hizo. Tabaka la kwanza la nyuzi alililaza kwa urefu, linalofuata akalizungusha, jingine akalipitisha mshazari, na kila mara alikuwa anajua kwa nini. Za wima zinabeba ngozi inapovutwa, alisema, na za kuzunguka zinazuia vigingi visipanue ufa. Juu ya kila tabaka alifunga vipande vya tyubu ya baiskeli kwa kuvuta kwa nguvu zake zote, mpaka gundi ikatoka jasho kati ya nyuzi. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa chokaa. Miaka yote ya Morogoro alikuwa analipwa kukata nyuzi, moja moja, aone zinakatikia wapi. Hapa ndipo nilipoona alichokuwa anajifunza muda wote huo. Alijua nyuzi kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake, huyu ana nguvu hapa, huyu usimwekee mzigo pale. Na hakuwahi kuona haya kumuuliza Bartolomayo kuta ziwe nene kiasi gani, au mama Tereza kama kiuno kibane zaidi, na alichoambiwa alikiingiza.

Siku ya kutoa vipande, wote walikuja. Kabla ya kuviringisha, Evarista alikuwa amevipaka nta vipande vile ili vitoke kirahisi. Hata hivyo kile cha kwanza kilikataa. Zablon alikivuta, akatoka jasho. Mmoja akashauri kigongwe nyundo. Evarista akasema hapana, hapa hapigwi mtu. Akakibeba chombo chote akakiweka juani, akakaa nacho. Nta ikalainika. Akaingiza mkono kwenye tundu la juu, akakitikisa kama mtu anavyong'oa jino lililolegea, kikatoka. Vingine vikafuata kwa urahisi, na kilichobaki kimesimama kwenye mkeka kilikuwa mzinga wa ngoma, mtupu, mmoja, bila mshono popote.

Mama Tereza aliusogelea akainama kuubeba kwa mikono miwili, kama alivyozoea kuibeba ile ya zamani, na nguvu aliyotumia ikamzidi, mzinga ukapaa juu mpaka kifuani kwake. Alishtuka, kisha akaushika kwa mkono mmoja. Akatembea nao hatua chache, akiegemea nyonga yake mbovu, na kurudi. Alikuwa hajabeba ngoma yake mwenyewe kwa muda mrefu. Siku zote walikuwa wanambebea.

Bartolomayo aliwamba ngozi ya ndama. Alipopigilia kigingi cha kwanza niliziba macho kidogo. Kiliingia na kukaa, bila ufa. Waliianika ngoma ili jua liikaze ngozi, kisha mama Tereza akaiweka mahali pake na kuinama.

Sijui nieleze vipi. Alianza na kiganja kimoja, pigo moja katikati, zito, halafu akangoja liishe. Lilichukua muda kuisha. Halikuwa na mkwaruzo wala nyuki ndani yake. Akapiga ukingoni, ikajibu kwa sauti nyembamba safi. Hapo akaanza kupiga kweli, na wenzake, bila kuambiwa, wakafuata kwa ngoma zao. Zablon aliacha mdomo wazi kama mimi nilivyoacha mara ya kwanza. Evarista alikuwa amesimama pembeni, mikono yake yenye chokaa ameikunja, analia bila kujificha.

Walipotulia, mama Tereza aliipapasa ngoma ubavuni.

"Si sauti ya mama," alisema. "Ya mama ilikuwa nzito. Hii ni ya msichana. Acha tumlee."

Kwenye jubilei walipiga uwanja mzima ukiwa umejaa, na sitaki kusema mengi juu ya hilo, maana waliokuwepo wanalo na wasiokuwepo hawataamini. Nitasema tu kwamba mama Tereza aliingia uwanjani akiwa ameibeba ngoma yake mwenyewe, na akina mama wa vijiji vingine walipoona mwanamke mwenye nyonga kama ile anabeba ngoma ya ukubwa ule, walianza kuulizana kabla hata haijapigwa. Baada ya misa na chakula, Devota alikuwa amezungukwa, anaeleza habari za majivu na maziwa kama mwalimu.

Wanawake wa Mpwapwa walianza kuja, kisha wa Kongwa na wa mbali zaidi. Evarista hakuificha kazi yake kwa mtu. Kila aliyetaka kujifunza alimfundisha, na vile vipande vya ngoma ya zamani vilikuwa vinafungwa, vinaviringishwa, vinatolewa, na kuzaa ngoma nyingine. Bartolomayo aliacha mipini ya majembe. Alisema kuchonga na kuviringisha ni kazi moja, tofauti ni kwamba kwa mti unaondoa na kwa mkonge unaongeza. Si kila kitu kilifaulu. Sanduku la kuhifadhia mtama alilolitengeneza Evarista panya walilimaliza, na viti alivyojaribu vililegea masika. Vitu hivyo alivitazama kwa utulivu ule ule, akavipasua, akaangalia ndani. Mimi nilikuwa nimeshazoea kula chakula pembeni ya meza iliyojaa vitu vilivyopasuliwa.

Ngoma ya mama Tereza iliishi miaka kadhaa, mpaka Lydia alipomaliza shule ya msingi. Mwaka mmoja mvua zilizidi, ukingo wake wa chini ukalainika na kuanza kumegeka. Nilidhani habari hiyo itamuumiza mama Tereza, kwa hiyo tulipokwenda kumwona mwaka uliofuata nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kufariji. Hakuyahitaji. Alikuwa tayari na ngoma nyingine, aliyoiviringisha yeye na Devota, na alitaka Evarista aisikilize. Ilikuwa nzito kidogo sauti yake. Evarista alipiga goti akaweka shavu, akatabasamu, akasema hana la kuongeza.

Nilipouliza ile ya kwanza iko wapi, mama Tereza alisema waliitoa ngozi na vigingi, mzinga wakauweka shambani, kwenye uwele. Tulikwenda kuutafuta. Evarista alitembea katikati ya mistari akiinamisha mashina, mimi nyuma yake, na hatukuona kitu, wala ubao, wala uzi, wala rangi ya nta. Mama Tereza alikuwa mbele yetu anapalilia. Alinyoosha mkono akatuonyesha mahali mzinga ulipoozea, kisha akaendelea na palizi yake.